V8 ya zamani ikichemsha, usikimbilie rejeta mpya

Ukiwa na gari ya Kimarekani ya miaka ya sitini au mwanzoni mwa sabini yenye V8 kubwa, yaani injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, zile wanazoita gari za misuli, kuna siku mshale wa joto utapanda na mtu wa kwanza utakayemwambia atakujibu palepale: weka rejeta ya alumini. Wa pili atakwambia toa themostati, ile valvu inayofunguka kwa joto kuachia maji yaende kwenye rejeta. Wa tatu atakwambia funga feni ya umeme. Wote wanasema kwa nia njema kabisa, ila hakuna hata mmoja aliyekuuliza swali ambalo kwangu mimi ndo la kwanza, kwamba gari inachemsha lini? Ikiwa imesimama kwenye foleni inaunguruma, au ikiwa inakimbia barabara kuu? Manake hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa ya hili haigusi lile.

Mimi naendesha Chevrolet Chevelle SS ya 1970, ile iliyouzwa kwa jina la 396 wakati kiukweli injini ya mwaka huo ilishatanuliwa ikawa inchi za ujazo 402, karibu lita 6.6. Naipenda hii gari kupita maelezo, na baada ya kuhangaika na joto lake muda mrefu nina msimamo wangu: nyingi ya gari hizi hazichemshi kwa sababu rejeta ya kiwandani ilikuwa ndogo, zinachemsha kwa sababu zimepita kwenye mikono mingi, na kila mkono umetoa kitu ambacho wahandisi walikiweka kwa makusudi. Kabla hujaongeza chochote, rudisha kilichopotea.

Tukumbushane kidogo joto lenyewe linatoka wapi. Pontiac walipotoa GTO ya 1964 na injini yao ya 389 (namba hizi zote ni inchi za ujazo), makampuni mengine hayakutaka kubaki nyuma, Chrysler wakaja na Hemi 426 ya barabarani 1966, Ford wakaleta 428 Cobra Jet 1968, na kufika 1970 Chevrolet walikuwa na 454 ya toleo la LS6 iliyotangazwa kuwa na nguvu farasi 450. Sasa petroli ikiungua ndani ya silinda, kwa makadirio ya kawaida kama theluthi moja ya nguvu yake au pungufu ndo inazungusha magurudumu, theluthi nyingine inatokea kwenye ekzosi na inayobaki inaingia kwenye maji. Kwahiyo injini ikitoa nguvu nyingi, rejeta nayo inapokea joto karibu kiasi hichohicho, na hilo joto halina pa kwenda isipokuwa kwenye hewa inayopita katikati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta. Hewa isipopita hata ungekuwa na rejeta ya ukubwa wa mlango haikusaidii.

Kabla ya yote hakikisha inachemsha kweli. Nyingi ya hizi gari zilitoka na taa nyekundu tu, geji ilikuwa ni nyongeza ya kulipia, na geji nyingi zilizopo leo zimefungwa baadaye na sensa ambayo haiendani nayo. Chukua kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza kama bastola, pima pale kwenye nyumba ya themostati ulinganishe na geji. Selsiasi 95 kwenye mfumo wenye presha nzuri siyo kuchemsha, injini iko salama kabisa, na kuna watu wanatumia hela nyingi kutibu gari ambayo haiumwi.

Haya, tuanze na gari inayochemsha ikiwa imesimama au inatambaa kwenye foleni halafu ikipata barabara inapoa yenyewe. Hapo tatizo ni hewa, na mara nyingi ndo hilo tu. Ukishapita kilomita 50 au 60 kwa saa, upepo unaoingia kwenye grili unafanya karibu kazi yote na feni inabaki kama abiria, ila chini ya hapo kila kitu kiko mikononi mwa feni. Na feni bila kava yake haifanyi kazi. Naongelea lile kava la plastiki au bati linalozunguka feni na kukumbatia mgongo wa rejeta. Hili ndo kitu cha kwanza kupotea kwenye gari za zamani manake linasumbua wakati wa kubadilisha wota pampu, fundi analitoa, analiweka pembeni, halirudi tena. Bila kava, feni inavuta hewa ya karibu, ile ya moto inayozunguka pale pale kwenye injini, badala ya kuvuta iliyo mbele ya rejeta, ni sawa na kunywa soda kwa mrija uliotoboka, unavuta kwa nguvu na kinachofika mdomoni ni kidogo. Nilipoirudishia Chevelle kava la umbo sahihi, tofauti ya kwenye foleni ilikuwa kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuifanyia, na sikuwa nimegusa rejeta.

Kuweka kava peke yake haitoshi, angalia feni imekaaje ndani yake. Kanuni ninayoifuata ni upana wa panga nusu uwe ndani ya kava na nusu uwe nje, kuelekea injini. Ikizama yote ndani hewa inakosa pa kutokea pembeni, ikiwa nje yote haivuti. Nafasi kati ya ncha za panga na kava iwe ndogo, kama inchi moja hivi, ila kumbuka injini inacheza kwenye mauntini zake, ile mipira inayoishikilia, ukikanyaga mafuta, na mauntini zikiwa zimechoka feni itakula kava au mbaya zaidi itakula rejeta. Kwahiyo angalia mauntini kwanza.

Alafu kuna klachi ya feni. Gari nyingi za aina hii, hasa zilizokuja na AC, zina feni inayoshikiliwa na klachi yenye mafuta ya silikoni ndani na springi ndogo iliyojikunja mbele, inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Joto likipanda springi inajizungusha, inafungua valvu, mafuta yanaingia mahali pake na feni inashikwa inazunguka kwa nguvu. Kuijaribu ni rahisi: zima injini ikiwa imepata moto kisawasawa, isubiri isimame kabisa, izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa bila ubishi, klachi imekufa. Ukiona pia michirizi yenye uchafu wa mafuta inayotokea katikati kwenda nje, silikoni imeshavuja. Watu wengi wanaitupa na kufunga feni ya panga nyembamba zinazojinyoosha mzunguko ukipanda, mimi sikubaliani na hilo kwa gari ya barabarani, zinapiga kelele na klachi nzima yenye feni ya panga saba inavuta hewa vizuri sana.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwenye picha za gari zilizokarabatiwa ni mipira ya kuziba. Kiwandani waliweka vipande vya mpira kati ya fremu ya rejeta na boneti, na pembeni, na chini, ili hewa iliyoingia kwenye grili isiwe na njia nyingine zaidi ya kupita katikati ya mapezi. Gari inapakwa rangi upya, inapata boneti mpya, kromu zinang'aa, na ile mipira haikurudishwa kwa sababu hakuna aliyejua kazi yake. Hewa ni mvivu, itapita palipo rahisi, itapanda juu ya rejeta na kuteleza chini ya boneti. Corvette za kuanzia 1968 zenye injini kubwa zilipata jina baya la kuchemsha, pua yake ni ya chini na nyembamba, na ukiongea na wanaozijua watakwambia hivyo hivyo, kwanza ziba matundu yote yanayozunguka rejeta. Washa taa upande wa injini usiku, simama mbele ya grili uangalie mwanga unapenya wapi. Kila unapopenya hewa nayo inapenya. Vipande vya mpira na vibanio, kazi ya mchana mmoja.

Sasa lipo jambo ambalo nalipenda kuliko yote kwa sababu halihusu maji wala hewa, nalo ni taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Gari ikiwa imesimama injini inaunguruma, mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda ni mwepesi na umechafuliwa na mabaki ya moshi, kwahiyo unaungua taratibu. Usipouwasha mapema, unamalizia kuungua wakati valvu ya ekzosi inafunguka, na joto ambalo lilitakiwa kusukuma pistoni linaenda kuchoma njia za ekzosi ndani ya silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha silinda), ambazo zimezungukwa na maji. Ndo maana distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, ina kile kidude cha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), kinasogeza taimingi mbele injini ikiwa haina mzigo. Tatizo ni kwamba sheria za moshi zilipobana, makampuni yalianza kukinyima vakyumu gari ikiwa imesimama, kwa makusudi, ili ekzosi iwe ya moto na iunguze mabaki ya petroli. GM mwaka 1970 walikuja na mfumo uliokuwa unakata hiyo vakyumu kwenye gia za chini. Na angalia walichofanya hapohapo: wakaweka swichi ya joto inayorudisha vakyumu injini ikianza kuzidi moto. Yaani wahandisi wenyewe walijua dawa ya kuchemsha ukiwa umesimama ni kurudisha taimingi mbele! Leo hizo swichi nyingi zimeng'olewa au zimezibwa, mpira wa vakyumu umechomekwa kwenye tundu la kabureta lililo juu ya kipepeo, ambalo halina mvuto gari ikiwa imesimama. Hamishia mpira huo kwenye vakyumu ya manifodi, chini ya kipepeo, rekebisha mzunguko wa kabureta ushuke tena manake injini itapanda yenyewe, halafu sikiliza. Kwenye yangu sauti ilitulia, na joto la kwenye foleni likashuka bila kubadilisha kitu chochote cha mfumo wa maji.

Feni ya umeme? Siipingi, ila naona watu wanaifunga vibaya. Feni moja kubwa ya kutoka gari ya kisasa inaweza kula ampea 30 na zaidi ikiwa inazunguka, na pale inapoanza inakula zaidi ya hapo kwa muda mfupi, wakati altaneta za GM za kipindi kile nyingi zilikuwa za ampea 37 mpaka 60 na kitu, na gari ikiwa imesimama, injini kwenye mzunguko wa chini, hazitoi hata hizo. Sasa uko kwenye foleni usiku, taa zimewaka, feni inavuta, betri inaisha taratibu. Ukiamua feni ya umeme basi unabadilisha altaneta pia, unaweka waya mnene, rilei na fyuzi za kweli, na feni ivute kutokea nyuma ikiwa na kava linalofunika rejeta nzima. Zile feni mbili za mviringo zilizofungwa kwa vijiti vya plastiki vinavyopita kwenye mapezi zinavuta hewa ya sehemu ndogo tu ya rejeta, sehemu nyingine imekaa bure, na vijiti vyenyewe vinatoboa mirija taratibu.

Tuje kwenye ugonjwa wa pili, gari iko sawa kwenye foleni ila ukikaa kwenye kasi kwa muda mshale unapanda polepole bila kusimama. Hapo hewa ipo ya kutosha, kinachokosekana ni maji kuzunguka au rejeta kupitisha joto. Kabla hujafungua chochote fanya hivi: injini ikiwa ya moto, gari imesimama, mtu apandishe injini mpaka mizunguko kama 3000 kwa dakika na wewe umulike ule mpira wa chini wa rejeta. Huo ndo upande ambao pampu inanyonya. Ukiuona unabonyea, mbavu zake zinaingia ndani na unakuwa bapa, na pale anapoachia mafuta unarudi mviringo, umepata jibu. Mpira umechoka, au ile springi ya waya iliyotakiwa kuwemo ndani imeoza ikaisha na aliyeweka mpira mpya hakuweka nyingine, au rejeta imeziba kiasi kwamba pampu inanyonya na hakuna kinachokuja. Kwenye mzunguko wa chini huwezi kuona kitu. Ndo maana hili tatizo linawatesa watu, gari iko nyumbani haina dosari, ikifika barabara kuu inachemsha.

Mpira ukiwa mzima, kichukue tena kile kipimajoto upige rejeta uso mzima, kipande kwa kipande. Joto linatakiwa lishuke taratibu kutoka upande maji yanapoingia kwenda yanapotokea, ukikuta eneo la baridi katikati ya moto, mirija ya hapo imeziba na maji hayapiti. Na usiishie kwenye rejeta, bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, nayo ina tope lake. Kutu na mabaki ya mchanga wa kalibu za kumiminia chuma vinatulia chini, hasa kuzunguka silinda za nyuma ambako maji yanaenda taratibu. Kuachia maji kwenye bomba la rejeta hakutoi hilo tope. Bloku za V8 zina plagi za kumwagia maji ubavuni, kila upande moja, chini kabisa, na ukizifungua kwenye gari ya umri huu mara nyingi hakitoki kitu, tundu limejaa tope gumu mpaka uchokonoe na bisbisi. Ukishafika hapo ujue unachotakiwa kufanya ni kusukuma maji kwa presha mpaka yatoke meupe, tena kwa kugeuza njia, siyo kumwaga dawa na kutumaini.

Hapa ndo rejeta mpya inapata haki yake. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko alumini, hilo halina ubishi, ila rejeta za zamani zimeunganishwa kwa lehemu na mirija yake ni myembamba, ya kama nusu inchi, ikipangwa safu tatu au nne na hewa inachoka kabla ya kufika safu ya mwisho. Alumini ni ngumu zaidi kwahiyo wanatengeneza mirija mipana, inchi moja na zaidi, safu mbili tu, eneo kubwa la kugusana na mapezi na hewa inapita bila kuhangaika. Kwahiyo ukiwa umeongeza nguvu za injini, nunua alumini nzuri na moyo mweupe. Kama injini ni ya kiwandani, fundi rejeta mzuri akiibadilisha ile ya shaba moyo wake tu, yaani mirija na mapezi, unabaki na gari yenye sura yake.

Themostati msiitoe jamani. Ile stori ya kwamba maji yakienda haraka hayapati muda wa kupoa siyo kweli, maji yanazunguka mfumo uleule, na yakienda haraka rejeta inatoa joto zaidi, siyo pungufu. Ila kuitoa kuna madhara mengine: ile kuzuia kidogo inayofanya themostati inaongeza presha ya maji ndani ya bloku, na presha hiyo inazuia mapovu ya mvuke yasijitengeneze nyuma ya vyumba vya moto ndani ya hedi. Na namba iliyochongwa juu yake, 180 Farenhaiti ambayo ni kama selsiasi 82, ni joto la kuanza kufunguka, yaani inapanga injini isiwe baridi kuliko hapo. Kuweka ya 160 kwenye gari inayochemsha kunakuchelewesha dakika kadhaa tu kufika palepale.

Kifuniko cha rejeta nacho kidogo hiki kina kazi kubwa. Kila psi moja (kipimo cha presha) inapandisha kiwango cha kuchemka kwa selsiasi 1.6 hivi, kwahiyo kifuniko cha psi 15 kinafanya mchanganyiko wa nusu maji nusu kulanti, ile dawa ya kupoza injini, usichemke mpaka karibu selsiasi 129. Mpira wake ukipasuka unapoteza yote hayo. Na maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, ni kweli, ila hayana kinga ya kutu na wota pampu inateseka, kwahiyo mahali pasipo na baridi ya kugandisha unaweza kupunguza kulanti lakini usiiondoe, na maji yawe yale yasiyo na chumvi kabisa. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Watu wanaungua nyuso.

Kama umefanya yote na bado, angalia waliofungua injini walirudishaje. Ford V8 ndogo gasketi ya hedi ina upande wa mbele, imeandikwa kabisa, na ikigeuzwa maji yanakatiza njia fupi badala ya kwenda nyuma ya bloku kwanza ndo yapande kwenye hedi. Pontiac wana bamba la bati nyuma ya wota pampu ambalo likiwa mbali na panga za pampu, pampu inazungusha maji palepale, na mafundi wao wanalisogeza kwa kupima. Chevrolet ukihamia mfumo wa mkanda mmoja mpana unaozungusha pampu kwa mgongo wake, pampu yenyewe lazima iwe ya mzunguko wa kinyume. Na gia boksi ya otomatiki yenye konveta (inayounganisha injini na gia kwa mafuta) iliyolegezwa kwa ajili ya mbio inamwaga joto lake kwenye tanki la rejeta hiyohiyo, iwekee kipoza chake pembeni uone.

Ukishafunga alumini, pima umeme kwenye maji. Betri ikiwa imeungwa, waya mweusi wa mita ya volti kwenye terminali ya hasi na mwekundu utumbukize ndani ya kulanti bila kugusa chuma, kwanza injini ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inaunguruma na taa na feni vikiwa vimewashwa kimoja kimoja. Ikipita volti 0.1 kuna kifaa ambacho ethi yake, njia ya kurudishia umeme, imekufa na umeme unarudi kupitia maji, na rejeta mpya itatoboka kutokea ndani. Kwenye yangu tatizo lilikuwa ule mkanda wa waya kati ya injini na bodi, ulikuwepo, umefungwa vizuri, ila chini ya bolti kulikuwa na rangi mpya. Nilikwangua mpaka chuma kikaonekana, nikafunga tena, mita ikashuka.

Mimi sasa hivi nimebaki na feni ya kiwandani, klachi mpya, kava, mipira ya kuziba, vakyumu ya manifodi na rejeta ya shaba yenye moyo mpya. Kinachofuata ni kipoza cha gia boksi, na nikishakifunga nitaandika vipimo vya kabla na baada, vya kwenye foleni na vya barabara kuu.